Karatasi Tupu ya Kashozi

Tulipomzika Mwalimu Kaijage kule Kishanda, Muleba, nilikuwa nimeketi mahali pangu, yaani kwenye viti vya plastiki vya wageni tuliotoka Bukoba mjini, kanga nimejitanda vizuri, nasubiri zamu yetu ya kupita kuaga. Mara Deo, mwanawe wa kwanza, akatoka ndani ya nyumba, akawapita wazee wote, akampita katekista, akaja kusimama mbele yangu. "Mama Zuhura, inuka. Wewe hukai hapa." Nilidhani nimekalia kiti cha mtu. Nikainuka na mkoba kwapani, nikamwomba radhi jirani yangu, nikamfuata Deo nikijua napelekwa nyuma zaidi, kumbe ananipeleka kwenye mkeka wa wafiwa, katikati ya dada za marehemu. Hakuna aliyeuliza kitu. Shangazi mmoja alisogea kunipa nafasi, akanipigapiga gotini, akaniambia maneno ya Kihaya ambayo mimi, mtoto wa mjini niliyekulia kwenye Kiswahili cha madrasa na sokoni, niliyaelewa nusu. Mimi ni Mwislamu, wazee wangu waliingia Bukoba kwa biashara wakitokea Pangani. Marehemu alikuwa Mhaya na Mkatoliki hasa, wa kusali rozari shambani. Undugu wetu uko wapi? Nilikaa pale nimeduwaa, machozi yenyewe yamekatika kwa mshangao, nikawa najiuliza nani amewaambia nini watu hawa.

Ndipo ukanijia ule mwaka wa Kashozi. Chuo kilifungwa ghafla tukiwa mwaka wa mwisho, tukaambiwa kila mtu arudi kwao mpaka atakapoitwa. Profesa wangu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo iliyotutetemesha kuliko kelele za wengine, alikuwa akichunguza mimea ya pwani inayoishi kwenye maji ya chumvi bila kufa. Alikuwa amenipa miwili, mchu na mkandaa, nitafute fenoli zilizomo kwenye majani yake. Fenoli ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa ajili ya kujikinga. Ndizo zinazofanya ndizi mbichi ikaushe ulimi na chai iwe kali, na zipo nyingi, kila moja na jina lake. Alinikabidhi majani yaliyokaushwa, gunia zima, akasema nisikae bure nyumbani. "Chuo kikifunguliwa niletee fenoli moja, Zuhura. Moja tu, yenye jina na ushahidi. Ukija mikono mitupu, ile nafasi ya kuendelea na masomo nampa mwingine." Hakuwa anatisha. Alikuwa anaeleza jinsi mambo yatakavyokuwa, na nafasi ilikuwa moja. Nikapanda treni mpaka Mwanza, nikapanda meli ya usiku kuvuka ziwa, nimelalia gunia langu, na mama mmoja wa sitaha ya tatu akaniuliza hiyo dawa inatibu nini. Nikamjibu kwamba inatibu umaskini. Akaomba kidogo.

Bukoba mjini hapakuwa na mtu wa kunipa maabara isipokuwa Mwalimu Kaijage, aliyenifundisha kemia na ambaye wakati huo alikuwa akifundisha shule moja ya misheni kule Kashozi. Nilimkuta anapalilia kahawa nyuma ya nyumba ya walimu. Nikamweleza shida yangu pale pale. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu fenoli. Aliuliza nitakula nini na nitalala wapi, kisha akamwita mkewe, Ma Yustina, akamwambia kwamba mtoto amekuja na atalala chumba cha mahindi. Ndivyo nilivyohamia. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, picha ya Bikira Maria, na mahindi yamening'inizwa darini kwa ajili ya mbegu. Asubuhi nilikuwa naamshwa na harufu ya moshi na sauti ya Ma Yustina akimenya ndizi, kisu kinagonga ukingo wa beseni, na yeye na dada yake wakinijadili kwa Kihaya kilichochanganywa na Kiswahili kila walipotaka nisikie. "Huyu mtoto wa mjini anakula kama ndege," alikuwa akisema. "Mama yake akimwona amekonda atasema Wahaya tumemnyima ebitoke, ndizi zetu za kupika."

Siku moja nilirudi kutoka bombani nikamkuta Ma Yustina ameinamia gunia langu, ulimi nje, analamba jani la mchu. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, ukilikausha jani chumvi inabaki juu kama vumbi jeupe. Nilikuwa nimemweleza hivyo mwenyewe jana yake, kwa kujigamba. "Waitu, ni kweli," akasema, anamezea mate. "Chumvi inaota." Nikacheka. Sikucheka mchana, nilipofunua sufuria ya maharage nikaona majani yangu yanaelea humo, mengi, yameshalainika. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni. Yeye alishangaa kuliko mimi. "Sasa kitu chenye chumvi yake ndani unakipeleka kwenye chupa kukifanya nini?" Mwalimu alipokuja alisimama mlangoni, akatazama sufuria, akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Akachukua sahani. "Tukiyatupa ndiyo hasara mara mbili," akasema. Tukayala. Yalikuwa machungu mpaka utosini, na Ma Yustina akanyamaza chakula chote kizima, jambo ambalo Mwalimu alisema hajawahi kulishuhudia tangu wafunge ndoa.

Majani yaliyobaki tukayahamishia maabara, chini ya kufuli. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao zilizochomwa na asidi za vizazi vya wanafunzi, kabati lisilofunga vizuri, na harufu ya spiriti. Kazi ilikuwa hivi. Tunaloweka majani kwenye spiriti, tunachuja, tunadondosha tone la ule mchuzi chini ya karatasi ya chujio, kisha tunaisimamisha karatasi ndani ya chombo cha kioo chenye siki iliyozimuliwa. Siki inapanda karatasi taratibu, inazibeba kemikali, na kila kemikali inaishia kwenye kimo chake. Ukitaka kujua jina la doa, unaweka pembeni yake kitu unachokijua, ukiona vimelingana kimo na rangi, umepata. Hatukuwa na kemikali za kununua za kulinganishia. Mwalimu akasema tutatumia za nyumbani, yaani maganda ya vitunguu, majani ya chai na kahawa mbichi, maana fenoli zake zinajulikana vitabuni. Na kwa kuwa nyingi hazionekani kwa macho, alikwenda mjini kumwomba Bwana Ratilal, mwenye duka la vitambaa, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki, amwazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Bwana Ratilal aliitoa, akamwambia, "Mwalimu, mkikuta majani bandia mniambie."

Kila asubuhi kabla hatujaanza, Mwalimu alikuwa anafungua kifuko chake kidogo cha kusuka na kunipa akamwani. Kwa asiyejua, akamwani ni buni iliyochumwa kabla ya kuiva, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na ganda lake. Mhaya humpokea mgeni kwa hiyo kabla ya maji na kabla ya habari. Unakinga kiganja, unapokea, unatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Kukataa ni sawa na kusema una mashaka na mkono wa mwenyeji. Mwalimu alitafuna kutwa nzima, shavu moja limetuna, na alikuwa na tabia ya kuigeuza geuza buni kwenye vidole kabla ya kuitia mdomoni. Ramadhani ilipoingia nilipata shida. Nikamsikia Ma Yustina jikoni akimwambia, "Usimpe tena, amefunga huyo, hata mate hamezi," na Mwalimu akajibu kwamba nisipopewa nitadhani wamenichoka. Basi akaendelea kunipa, nami nikaendelea kupokea, ila naitia mfukoni mwa koti jeupe mpaka magharibi. Saa ya kufuturu nilikuwa nakuta Ma Yustina ameniwekea uji wa moto, ebitoke, na kikombe cha maji kimefunikwa kisosi, na yeye amekaa mlangoni anaangalia jua kwa niaba yangu. Nilikuwa nafungua kwa maji, halafu natoa akamwani mfukoni natafuna, nao wanacheka.

Katikati ya mfungo huo ndipo tulipolipata doa letu. Tulikuwa tumeziba dirisha la maabara kwa blanketi, Mwalimu akawasha taa ya Bwana Ratilal juu ya karatasi, na pale juu ya tone la mchu likawaka doa la buluu, zuri. Juu ya mkandaa, jingine, kimo kile kile. Nikaipitisha karatasi juu ya mvuke wa amonia, likageuka kijani. Na pembeni, kwenye njia ya kahawa mbichi, yaani pale lilipopandia tone lake, doa lile lile, kimo kile kile, buluu ile ile, kijani ile ile. Ilikuwa asidi ya klorojeniki, ambayo imejaa kwenye kahawa yetu ya robusta. Mwalimu aliitoa buni mdomoni, akaishika, akasema polepole, "Zuhura, nafasi umeipata." Jumapili yake alisimama nje ya kanisa akawatangazia watu kwamba majani ya baharini yana kitu cha kahawa ya Kagera ndani yake, na mzee mmoja akajibu kwamba yeye hashangai, bahari ingepata wapi kitu kizuri kama si kwa Wahaya. Ma Yustina alichinja kuku, akamwita jirani yetu Mwislamu aje achinje upya mwingine, maana wa kwanza nisingemla.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikereketa. Profesa alikuwa ametukaririsha habari ya njia tupu, kwamba kila karatasi iwe na njia moja yenye tone la spiriti peke yake, bila jani lolote, ili ujue karatasi yenyewe ni safi. Sisi tuliiacha kwa kubana matumizi, karatasi zilikuwa chache. Nikasema nitafanya moja, kwa ajili ya ushahidi tu, nifunge kazi. Mwalimu alikuwa darasani. Nikadondosha spiriti, nikasubiri siki ipande, nikakausha, nikawasha taa. Juu ya spiriti, mahali pasipo na jani, pasipo na mchu wala mkandaa, pasipo na kitu, liliwaka doa la buluu. Nilizima taa. Nikawasha tena. Lilikuwepo. Nikachomoa kwenye pakiti karatasi ambayo ilikuwa bado haijaguswa na siki, moja ya zile tulizokwisha kuzikata na kuzipanga tayari, nikaiweka chini ya taa. Kwenye ukingo wake wa chini, pale siki inapoanzia kupanda na ndipo tulipokuwa tukiishika wakati wa kukata, palikuwa na alama ya dole gumba, pana, inang'aa buluu, mistari yake yote inahesabika, na kovu limekatiza katikati. Mwalimu alikuwa na kovu la panga kwenye dole gumba tangu utoto wake.

Nilikaa gizani na blanketi lile dirishani sijui kwa muda gani. Kwanza nililia kwa ajili ya nafasi yangu. Halafu nikakasirika, nikiri hivyo, nikakasirikia kifuko kile na shavu lile lililotuna na ukarimu wote ule wa kunishikisha buni kila asubuhi. Halafu nikaogopa, kwa sababu ningemwambiaje mtu aliyekwisha kulitangaza kanisani? Alipoingia na chaki mikononi nikawasha tu taa. Alitazama njia tupu, akaelewa kabla hajavaa miwani. Kisha nikamwonyesha karatasi kavu, na dole gumba lake. "Mawe," akasema, yaani mama yangu, kwa sauti ya chini kabisa, ile wanayotumia Wahaya kukipokea kifo. Akakaa kwenye stuli ya wanafunzi. "Miaka yote nawafundisha watoto wanawe mikono wakitoka maabara. Wakiingia, sikuwahi kuwaza."

Nikasema, na sauti yangu haikuwa na adabu niliyolelewa nayo, "Mwalimu, mimi nimefunga. Mimi sitafuni. Ni wewe tu." Hakubisha. Alichukua karatasi mpya kwa koleo, akailaza mbele yangu. "Bonyeza hapa kidole chako." Nikabonyeza kwa kujiamini kabisa. Akawasha taa. Dole gumba langu lilikuwa pale, dogo, jembamba, linang'aa buluu kama lake. Buni niliyopokea asubuhi na kuitia mfukoni, bila kuitafuna, kwa heshima ya funga yangu, ilikuwa imeniachia rangi yake vidoleni, na kwa vidole hivyo nilikuwa nimeshika kila karatasi kuanzia mwanzo wa mwezi. Tulikaa hivyo, watu wawili na taa ya kukagulia noti bandia, na kati yetu kazi ya miezi iliyokuwa si kazi bali mikono yetu wenyewe.

Aliyecheka kwanza ni yeye. Alianza taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kutema buni yake nje ya dirisha. "Zuhura, unajua tumefanya nini? Tumekula omukago." Nilikuwa nimesikia neno hilo nikiwa mtoto. Zamani watu wawili wasio ndugu walipotaka kuwa ndugu waligawana buni moja, kila mmoja nusu yake, imepakwa damu ya mwenzake, na kuanzia hapo huyu akawa wa kwao yule, kwenye shida na kwenye kaburi. Undugu huo haukufutika. Nikamjibu kwamba mimi sikula, nilikuwa nimefunga. "Basi wewe uliweka kiporo," akasema, akajifuta macho.

Kesho yake kifuko kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa maabara na hakikuingia tena. Akamwani tulipewa jioni, uani. Tulinawa kwa sabuni mpaka viwiko, tukashika kila kitu kwa koleo. Majani yaliyosalimika kutoka kwenye maharage ya Ma Yustina na kwenye karatasi zetu za mwanzo yalitosha jaribio moja tu. Siki ilipanda. Taa ikawashwa. Lile doa la buluu halikuwepo popote isipokuwa kwenye njia ya kahawa. Njia tupu ilikuwa tupu. Na pale juu ya mkandaa, hafifu, mahali ambapo siku zote ile buluu ilikuwa inalifunika, palikuwa na doa la manjano lililolingana sawasawa na la maganda ya vitunguu. Kwasetini, fenoli ya vitunguu. Moja tu, yenye jina na ushahidi. Chuo kilipofunguliwa Profesa aliiona, akaomba kuona na zile karatasi chafu, akacheka nisivyowahi kumsikia, akanipa nafasi. Lakini zile chafu hazikuwa zote. Ile moja yenye madole mawili, lake la kovu, na langu ambalo niliombwa niliongeze pembeni, Mwalimu aliniomba abaki nayo. Nilidhani ni kwa ajili ya kuwafundishia wanafunzi.

Baada ya hapo nilifanya kazi maabara za watu maisha yangu yote, na sifa yangu mbaya ilikuwa kufukuza mtu yeyote mwenye kikombe cha kahawa mlangoni. Mwalimu nilimtembelea kila nilipokuja nyumbani, kwanza Kashozi, kisha Kishanda alipostaafu, lakini siku zote tulikaa kivulini uani, na sebuleni kwake Kishanda nilikuwa sijawahi kuingia mpaka siku ya mazishi yake. Deo ndiye aliyeniingiza, kabla jeneza halijatoka. Ukutani, kati ya picha ya harusi ya Mwalimu na Ma Yustina na picha ya Moyo Mtakatifu, palikuwa na fremu ya kioo, ndani yake kipande cha karatasi ya chujio. Watoto na wajukuu walikua wakidhani ni karatasi tupu ya kichaa cha baba yao. Haikuwa tupu tena. Fenoli zikikaa na hewa miaka mingi hugeuka kahawia, nimewafundisha wengine jambo hilo mara nyingi, na bado nilipoliona pale nilikisogelea kioo. Madole mawili, la kovu na dogo, yalikuwa yametokeza kahawia wazi, bila taa ya mtu yeyote.

"Alituambia kitambo," Deo akasema. "Akifa, mwenye hili dogo asiachwe kwenye viti vya wageni. Atupe udongo pamoja na sisi." Nilitaka kumweleza kwamba ule ulikuwa utani, kwamba nilikuwa nimefunga, kwamba ilikuwa ajali ya maabara. Lakini Deo alikuwa ameshika kifuko cha kusuka, kile kile, amekinyoosha kwangu. Nikakinga kiganja, nikapokea moja, nikatafuna. Tulipofika kaburini shangazi alinisukuma mbele kidogo baada ya watoto, nikainama, nikachota udongo kwa mkono ule ule, sijanawa.